Sura ya Saba: Kijiti cha Sentimita Sita

Bawa lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili za mbao katikati ya karakana ya ndege huko Isipingo. Kitambaa chake cha manjano kilikuwa kimechanika kutoka mbele hadi nyuma, kikaning'inia kama ngozi ya mnyama aliyechunwa akaachwa nusu. Marcelline alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Mara ya tatu akatoa utepe wa kupimia, akainama.

"Maman, askari wamesema kitu kisiondoke hapa," Pacifique akamwambia.

"Siondoi kitu. Naangalia."

"Mama Inspekta! Hata Durban haujaacha kazi?"

"Polisi wa Bukavu walinilipa miaka kumi na minne nisiache. Shika huku, uvute kidogo."

Siku kumi na moja zilizopita bawa hilo lilikuwa angani. Lilikuwa la ndege ndogo ya zamani, aina ya Hamerkop, na rubani wake, mzee Rennie, alikuwa peke yake ndani. Kitambaa kiling'oka juu ya mashamba ya miwa, bawa likakatika, ndege ikaanguka mbele kidogo ikaungua yote. Bawa hili tu ndilo lililobaki nyuma bila moto. Rennie alikufa papo hapo.

Aliyekishona kitambaa kile alikuwa Libérate, mjane wa Kirundi anayekaa Sydenham, mama wa mtoto mmoja aitwaye Lyse. Leo saa nane mchana alitakiwa kituoni, atie sahihi maelezo kwamba aliruka mishono kwa uvivu. Akishatia sahihi, kinachofuata ni mahakama na jela. Wakili wake hakuwa na la kushika ila neno la Libérate mwenyewe, basi akampigia simu Marcelline akamwambia: nenda kaangalie, asubuhi ni yako.

Marcelline akapima toka mshono hadi mshono kwa sentimita. Tisa. Akasogea. Tisa. Akapima mstari mzima hadi kwenye mpasuko: tisa, tisa, tisa. Mafundo yote yalikuwa yamevutwa upande mmoja kwa nguvu moja.

"Pacifique, mtu mvivu hushona hivi?"

Pacifique, fundi wa injini, Mkongo wa Uvira mwenye mabega mapana, akatazama bawa kama analiona kwa mara ya kwanza. "Mimi si mshonaji, maman."

"Lakini wewe ndiye unayekata vijiti."

Pacifique akageukia ukuta vilikotundikwa.

Habari ya vijiti Marcelline alikwisha kuipata kwa wakili. Libérate hasomi Kiingereza, na vitabu vya ndege ni vya Kiingereza. Kwa hiyo karakana ilijiwekea desturi yake: ndege ikiletwa, Pacifique husoma kitabu, hukata kijiti cha urefu unaotakiwa kati ya mshono na mshono, hukiandika namba, humpa Libérate. Yeye hukiweka juu ya kitambaa, huchoma sindano, hukisogeza, huchoma tena. Kazi ikiisha, kijiti hutundikwa ukutani. Kwenye msumari wa mwisho kilining'inia kijiti chenye namba sita.

"Hiki ndicho alichopewa?"

"Ndicho bosi alichowaonyesha polisi."

"Sikuuliza hivyo."

"Nimekusikia ulivyouliza, maman."

Marcelline akakishika kwa leso, akakinusa. Akaenda kwenye meza ya Libérate pembeni. Uzi wa kushonea bawa hupitishwa kwenye nta ya nyuki usije ukaoza, na nta ile ilikuwa imeganda kila mahali: kwenye mkasi, kwenye ukingo wa meza, kwenye kiti, hata kwenye mpini wa kikombe chake cha chai. Akarudi ukutani akavipitishia kidole vijiti vingine. Vyote vilinata. Cha namba sita kilikuwa kikavu, cheupe, kama kimetoka dukani jana.

"Umepata unachotafuta, madam?"

Mwenye karakana alikuwa amesimama mlangoni. Bwana Govender alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Marcelline akamgeukia, wakaongea Kiingereza.

"Nina maswali mawili tu. Kijiti hiki ni cha ndege ya Bwana Rennie?"

"Ndiyo. Nilimpa huyo mwanamke kwa mkono wangu. Sita. Ndege ile siku zote ni sita."

"Siku zote?"

"Injini yake ina nguvu. Upepo wa propela unakivuta kitambaa. Ukizidisha sita, unaua mtu. Na ameua."

"La pili. Kitambaa cha zamani, kile alichokibandua kabla ya kushona kipya, kiko wapi?"

"Tulikichoma. Takataka zote hapa tunachoma."

Marcelline akafungua daftari akaandika mbele yake, bila haraka: *Sita. Siku zote. Injini.* Akamwonyesha. "Nimeandika sawasawa?"

"Sawasawa," akasema Govender.

Pacifique alikuwa ameinamia boksi la spana, akitafuta kitu ambacho hakukipata.

* * *

Nyumba ya mzee Cloete, ambaye wakili alimpa Marcelline jina lake, iko Bluff, upande unaotazama bandari. Mzee alikuwa na miaka themanini na miwili, na kumi na tisa katika hiyo alizitengeneza Hamerkop jeshini. Alikuwa amekaa kibarazani na blanketi magotini, na kabla Marcelline hajamaliza kujitambulisha alikwisha kutoa albamu ya picha.

"Kwanza unywe chai," akasema. "Habari ya ndege hii haielezwi ukiwa umesimama."

Marcelline akaketi, ingawa saa ilikuwa inakaribia tano.

"Namba Moja ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na shule za urubani," mzee akaanza, kidole juu ya picha. "Viti viwili, injini ndogo, inatua hata kwenye zizi la ng'ombe. Jeshi likaiona, likasema tupeni hiyo, ila mtu wa nyuma aone mbali. Wakaukata mgongo, wakaweka vioo. Hiyo ni Namba Mbili, ya kuchungulia makombora ya mizinga yanaanguka wapi. Baadaye wakataka ya wagonjwa. Wakarefusha tumbo, ubavu ukawa unafunguka kama kabati, machela inaingia. Namba Tatu. Hiyo, mama, ilikuwa inapanda angani kama mtu mwenye pumu."

"Wakaibadilishia injini."

"Nani anasimulia, mimi au wewe?" Mzee akamtazama juu ya miwani. "Wakaweka injini kubwa, mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Namba Nne. Inabeba barua, dawa, inadondosha mizigo, inavuta shabaha za mafunzo. Hiyo ndiyo ilikuwa ndege."

"Na mabawa yake?"

"Yale yale! Mbavu zile zile, mbao zile zile. Ukiyalaza chini, bawa la Moja na bawa la Nne, hata mimi siwezi kukuambia lipi ni lipi. Kilichobadilika ni mshono. Mwaka wa kwanza Nne mbili zilichanika angani, tukazika vijana wanne. Ndipo amri ikaja: Nne ishonwe sentimita sita. Moja, Mbili na Tatu zikabaki tisa kama mwanzo."

Kalamu ya Marcelline ikasimama. "Rudia hapo, mzee. Namba Moja?"

"Tisa."

"Na sita?"

"Nne peke yake. Hakuna nyingine." Akaingia ndani kwa mkongojo, akarudi na vitabu viwili vyembamba, kimoja cha kijani cha raia, kingine cha kahawia cha jeshi, akavifungua kwenye kurasa zenyewe. Tisa. Sita.

Marcelline akamwonyesha nakala ya cheti cha ndege ya Rennie, aliyopewa na wakili. Mzee akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Moja? Hii iliyokuwa inapitisha watalii hapa juu ya bahari kila Jumamosi? Nilikuwa naisikia. Nikasema moyoni, hiyo ni sauti ya Nne."

"Kwa nini mtu aiite Moja?"

"Kwa sababu Nne haipewi cheti cha kubeba abiria. Jeshi liliziuza kwa sharti hilo: rubani peke yake. Mtu akinunua mabaki ya Moja yenye karatasi na mabaki ya Nne yenye mwili mzuri, akakitoa kibati cha namba cha huku akakipigilia kule…" Akainua mabega. "Lakini utaonyesha nini? Kibati kimeungua. Injini nasikia imeyeyuka. Na masikio yangu hayapandi kizimbani."

"Hakuna alama nyingine?"

Mzee akafikiri, akafunua albamu hadi picha iliyopigwa kutoka juu. "Mstari. Kila Nne ilipigwa mstari mweusi juu ya bawa la kushoto, upana wa viganja viwili, ndege zetu wenyewe zikiwa juu zisije zikaipiga. Rangi ile inapenya. Upake manjano, upake nyekundu, ukikigeuza kitambaa kwa ndani mstari uko pale pale."

"Kitambaa cha zamani wamekichoma."

"Basi pole, mama."

Marcelline alikwisha kuinuka. Akasita. "Mzee, hicho kitambaa ni cha namna gani?"

"Kitani. Kitani kizuri kushinda shuka zangu. Kikishapakwa dawa yake kinakuwa kigumu, hakipitishi maji."

"Hata mvua?"

"Kimeruka kwenye mvua miaka sitini, unaniuliza mvua!"

Akaomba kuazima vile vitabu, akaandika hati ya kuvipokea, wakatia sahihi wote wawili. Chai hakuimaliza.

* * *

Libérate alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la kanisani. Alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha chumba chake, nyuma ya nyumba ya watu huko Sydenham, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa hospitali. Saa ilikuwa saba kasoro.

"Mama Lyse, mvua ya juzi ilikukuta hapa?"

"Ilitukuta, dada. Durban yote ilitota."

Marcelline akatazama juu. Dari lilikuwa na madoa ya kahawia kila pembe. Akakigusa kitanda, godoro kavu. Sakafu chini yake, kavu.

"Hapa panavuja."

"Panavujaga."

"Kitanda hakivuji."

Libérate akaukaza mkoba. "Dada Marcelline, uniulize yote, hiyo usiniulize."

"Nimekuja kwa hiyo tu."

Nje, Anaïs, jirani yake mwenye saluni, alikuwa anacheka na mteja. Kicheko kilipokwisha Libérate akasema kwa sauti ndogo: "Iko juu, katikati ya bati na dari. Wakisema wanaenda kuchoma, nikaona ni dhambi. Kitambaa kizima vile! Nikakunja, nikaficha kwenye mfuko wa nguo. Bosi ameandika ukutani kwamba kitu chochote kikitoka karakana ni wizi. Nikisema, wataniita mwizi. Mkimbizi, tena mwizi. Nani atanipa tena karatasi?"

"Kwa hiyo umekubali uitwe muuaji usije ukaitwa mwizi?"

Libérate akauweka mkoba chini. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja.

Marcelline akamwita Anaïs awe shahidi. Akampa simu apige picha kila hatua: dari kabla ya kufunguliwa, ubao ukitolewa, kitambaa kikishushwa. Kilikuja na vumbi na manyoya ya njiwa. Wakakitandaza kitandani. Juu kilikuwa manjano. Wakakigeuza.

Mstari mweusi ulikuwa pale, viganja viwili, umenyooka.

"Eish!" Anaïs akasema. "Hii nini?"

"Piga picha. Usiguse."

Kando ya mstari ule matundu ya sindano ya zamani yalikuwa yamepangika, mtu aliyeyatoboa amekwisha kuzeeka au kufa mahali fulani. Marcelline akaweka utepe. Sita. Sita. Sita. Sita.

"Mama Lyse, haya matundu uliyaona siku ile?"

"Mshonaji gani asiyeona matundu ya mwenzake? Niliyaona nikibandua. Nikamwambia Pacifique, huyu wa zamani alishona karibu karibu, na kijiti chako ni kirefu. Akasema amekata kama kitabu. Lakini akaenda kuuliza bosi. Akarudi akasema, bosi amesema fuata kijiti."

"Hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Na hicho kijiti cha tisa?"

"Bosi alikuja kukichukua ukutani mwenyewe. Ajali ilikuwa jana yake."

Marcelline akampigia Pacifique simu, akaiweka sauti ya wazi.

"Kijiti ulikata ngapi?"

Sauti ya mashine kwa mbali. "Maman, nina watoto."

"Yeye je?"

Mashine ikazimwa. "Tisa," akasema Pacifique. "Lakini mimi sijasema." Akakata. Marcelline akaelewa: kuikubali sita kungekuwa kukiri mbele ya fundi kwamba ndege ni Nne, basi Govender aliiacha tisa.

* * *

Sajini Mkhize alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Maelezo yalikuwa tayari mezani, mistari minne ya Kiingereza, na kalamu juu yake. Govender alikuwa amekaa pembeni kama shahidi. Alimsalimia Libérate kwa adabu.

"Tia sahihi tu, mama, yaishe," akamwambia. "Hakuna anayekuchukia."

"Sajini," Marcelline akasema, "kabla hajashika kalamu, niruhusu nimuulize Bwana Govender swali lile lile la asubuhi."

"Swali moja," akasema sajini.

"Kijiti kilikuwa cha ngapi?"

"Sita," akasema Govender. "Utaniuliza mpaka lini?"

Marcelline akaweka cheti mezani, na juu yake kitabu cha kijani. "Cheti kinasema ndege ni Hamerkop Namba Moja. Kitabu cha Namba Moja hiki hapa: tisa." Akaweka kitabu cha kahawia. "Sita ni ya Namba Nne ya jeshi, na hakuna nyingine yenye sita. Karatasi zote zinasema Moja. Sasa wewe nani alikuambia ni Nne?"

Govender akatabasamu. "Nilizidisha tahadhari. Ni kosa kuwa mwangalifu?"

Jibu lilikuwa zuri. Sajini akaandika. Akamtazama Marcelline kama anayesema, una lingine?

Marcelline akakifungua kifurushi cha shuka, akakikunjua kitambaa juu ya meza, upande wa manjano juu. Vumbi likatua kwenye mikono ya sajini.

Govender akaruka kitini. "Mwizi! Sajini, andika hilo, andika sasa hivi! Huyu mwanamke ameiba mali ya karakana yangu!"

Libérate akainamisha kichwa.

"Ni chako?" Marcelline akauliza.

"Nakijua kama shati langu! Nilisema kichomwe, mbele yake! Kimetoka kwenye bawa la…"

Feni ya ukutani iligeuka huku ikageuka kule.

"Malizia, bwana," Sajini Mkhize akasema. "Kimetoka kwenye bawa la nani?"

Govender akaketi. Marcelline akakigeuza kitambaa, mstari mweusi ukawa juu, akaweka utepe kando ya matundu na picha ya mzee Cloete kando ya utepe. Hakueleza kitu. Sajini alivaa miwani yake, akapima mwenyewe, mara tatu, sehemu tatu. Kisha akachukua yale maelezo ya mistari minne akayapiga mstari wa kukata kutoka pembe hadi pembe, akafungua mlango akamwita askari.

"Bwana Govender anangoja chumba cha pili. Simu yake ibaki hapa. Na kuna mtu anaitwa Pacifique huko karakana, mleteni kabla hawajafunga."

Mlango ulipofungwa akavuta karatasi mpya. "Haya, mama. Sema ya kwako. Rafiki yako atatafsiri."

Libérate alisema polepole, Marcelline akageuza kwa Kiingereza, sajini akaandika. Habari ya kijiti cha tisa. Habari ya kuchukua kitambaa bila ruhusa. Akafika kwenye matundu.

"Andika kwamba niliyaona. Niliona kwamba mwenzangu wa zamani alishona karibu. Nikaambiwa nifuate kijiti, nikafuata siku nne nzima, na kila siku nilikuwa naona."

Marcelline hakutafsiri mara moja. "Mama Lyse, ulisema mara moja, inatosha. Hilo la siku nne si lazima. Linaweza kukurudia."

"Nimesikia."

"Wakili wako angekuambia vile vile."

"Dada, siku niliyomaliza, Bwana Rennie alikuja kuangalia. Akapitisha mkono juu ya mshono, toka mwanzo hadi mwisho. Akasema, Libérate, mzuri. Alikuwa anajua jina langu. Nami nikasema asante." Akaunyoosha mkono kuelekea karatasi. "Mwambie aandike."

Marcelline akatafsiri, neno kwa neno. Sajini akaandika, akamsomea yote, akamgeuzia karatasi. Libérate akaandika jina lake herufi moja moja, kubwa, zimetengana sawasawa.

"Umemaliza," sajini akasema. "Leo unalala kwako. Tukikuhitaji tutakuita."

Marcelline akainuka, akamshika bega. Libérate hakuinuka.

"Mwulize," akasema, "mke wa Bwana Rennie anakaa wapi."